Mistari Miwili Haitoshi

Tone la damu kidoleni, matone machache ya kimiminika cha kipimo, kisha subira ya dakika 20. Mstari wa kwanza unathibitisha kuwa kipimo kinafanya kazi. Ukitokea wa pili, mpimwaji huambiwa ana homa ya ini C, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kipande kile cha plastiki hakikutafuta kirusi. Kilitafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana nacho. Nyayo mchangani husema mtu kapita, hazisemi kama bado yupo.

Na wapo wengi ambao hawanacho tena. Kati ya kila watu 100 wanaoambukizwa, 15 hadi 45 hukishinda wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, lakini kingamwili zao hubaki miaka na miaka. Kwa upande mwingine, aliyeambukizwa mwezi uliopita anaweza kupimwa asionekane na kitu: kirusi huonekana kwenye damu ndani ya wiki 1 au 2, kingamwili hukawia wiki 8 hadi 11.

Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, kinachosaka RNA, vinasaba vya kirusi chenyewe. Kimeng'enya hugeuza RNA kuwa DNA, kisha mashine hupasha na kupoza sampuli tena na tena, kila mzunguko ukizidisha nakala maradufu. Virusi vikiwa vingi, ishara hutokea mapema. Vikiwa vichache, huchelewa. Kwa hesabu hiyo wingi wake hujulikana. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu katika hospitali zetu Afrika Mashariki zinaiweza kazi hii, ilimradi katriji yake ipatikane.

Misri imeonyesha umuhimu wa kipimo hiki cha pili. Kirusi kilienea huko kwa sindano za kutibu kichocho, zilizotumika kwa mtu zaidi ya mmoja bila kutakaswa ipasavyo, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980. Kati ya 2018 na 2019 nchi hiyo ilipima watu karibu milioni 50. Miongoni mwa wenye kingamwili waliofanyiwa kipimo cha pili, takriban robo hawakuwa na kirusi. Robo nzima! Bila kipimo hicho wangebeba hofu ya ugonjwa ambao hawana.

Kabla ya dawa, daktari hupima hali ya ini, na pia homa ya ini B, kwa kuwa inaweza kuibuka kirusi C kinapoondolewa. Vidonge vya siku hizi, vya wiki 8 hadi 12 kwa wengi, huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho RNA hupimwa tena. Isipoonekana, mgonjwa amepona. Mwenye makovu makubwa ya ini huendelea kupigwa ultrasaundi kila miezi 6, kwani hatari ya saratani haijaisha.

Lakini mistari miwili itaendelea kumtokea aliyepona. Kumnyima kazi kwa sababu ya mistari hiyo ni dhuluma. Nawe ukipimwa ikatokea, usiondoke bila kuuliza: kirusi chenyewe kitapimwa lini, na wapi?