Msisumbuke: Amri Iliyotolewa kwa Wengi

Injili ya Dominika ya 8 ya Mwaka A, iliyo katika sura ya 6 ya Mathayo, ni somo linalopendwa sana, nalo huumiza pia. Hupendwa kwa ajili ya ndege wa angani na maua ya kondeni. Huumiza kwa sababu mama ambaye mvua za vuli zimempita shamba likiwa kavu, na Januari imemkuta hana sare za watoto wala michango ya shule, anaposikia kwamba asisumbukie chakula na mavazi, hujiona ametwikwa mzigo juu ya mzigo: fedha hana, na sasa ni kama ameambiwa kwamba hata imani hana. Wapo wanaouleta wasiwasi wao kitubioni kana kwamba wameiba.

Tulitazame basi neno lenyewe. Kitenzi cha Kigiriki alichokitumia Mwinjili ni merimnao, na wataalamu wengi hukihusisha na kugawanyika: moyo uliokatwa vipande, kimoja kiko sokoni, kingine kwa mwenye deni, kingine kimekwisha kutangulia kesho kutwa. Lakini kitenzi hicho hicho kina uso wa pili. Katika sura ya 4 ya Waraka kwa Wafilipi, Mtume Paulo anawakataza waamini kuhangaika, akiwataka wampelekee Mungu haja zao zote pamoja na shukrani. Sura mbili kabla ya hapo anamsifu Timoteo, kwamba hana mwingine atakayewahangaikia Wafilipi kwa moyo wa kweli kama yeye. Na kitenzi ni kile kile! Kwa Wakorintho anataka viungo vya mwili mmoja vihangaikiane, na katika waraka wa pili anakiri kwamba kila siku yeye mwenyewe hulemewa na mahangaiko ya makanisa yote. Mtume huyu hakuwa na moyo wa jiwe, wala hakudai kuwa nao.

Kumbe kinachokatazwa si kujali. (Hata ndege wa Injili hawakai viotani midomo wazi, mtazameni mnana anavyofuma kiota chake tangu alfajiri.) Kinachokatazwa ni ule wasiwasi unaomfungia mtu peke yake, akakesha akihesabu mabati ya paa gizani, kama vile Baba wa mbinguni hayupo na jirani hayupo.

Hapo lugha yetu hutusaidia kuliko lugha nyingine nyingi. Bwana hakusema “usisumbuke”, alisema “msisumbuke”. Katika Kigiriki pia amri hiyo iko katika wingi. Hatusemi kwamba haimhusu mtu mmoja mmoja. Twasema kwamba haikukusudiwa mtu aibebe peke yake. Ndivyo ilivyo Sala ya Bwana: mjane anayeisali kitandani usiku wa manane, pasipo mtu wa kumwitikia, bado huomba mkate “wetu”.

Tukitaka kuona jambo hili likitendeka, turudi kwa Wafilipi. Paulo aliwaandikia akiwa kifungoni. Wao walikuwa wamemtuma Epafrodito ampelekee msaada, naye mjumbe huyo akaugua karibu kufa. Habari zikawafikia nyumbani. Epafrodito naye, aliposikia kwamba wamesikia, akafadhaika kwa ajili yao. Alipopona, Paulo akaazimu kumrudisha haraka, ili wao wafurahi na huzuni yake mwenyewe ipungue. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa kwamba ana imani haba. Sala zao zilikwenda kwa Mungu, na msaada ukafika kwa miguu ya mtu.

Maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nafasi ya kwanza katika uchungaji wa kanda yetu. Jumuiya hizo ndizo Filipi yetu. Lakini tuseme kweli: katika jumuiya nyingi somo husomwa, rozari husaliwa, michango huandikwa daftarini, na swali la nani ana shida huulizwa watu wakiwa tayari wanakunja mikeka. Nani atajibu wakati huo? Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mtu hawezi kujifunua mbele ya watu waliokwisha kusimama. Ninyi makatekista, liwekeni swali hilo mwanzoni, kabla ya somo, kisha mnyamaze kidogo. Na shida ikitajwa, msiijibu kwa mahubiri. Ulizeni nani atakwenda Jumanne na nani Alhamisi.

Jambo moja limebaki. Kuna wasiwasi unaomnyima mtu usingizi na chakula kwa majuma mengi, hata kazi zikamshinda. Huo waweza kuwa ugonjwa, nao hutibiwa hospitalini kama malaria inavyotibiwa. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo aongeze novena tu ni kumkosea. Bwana wetu mwenyewe, fadhaa ilipomshika katika bustani ya Getsemane, alisali kwa Baba, na pia aliwaomba Petro, Yakobo na Yohane wakeshe pamoja naye. Walisinzia. Basi mumsindikize mgonjwa wenu mpaka kwa daktari, na mkae naye kwenye benchi mpaka aitwe.