NCHI JIRANI: UZEE NA KITAMBULISHO CHA TAIFA NCHINI UGANDA

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa Jeshi la Wananchi na wa Polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na mipakani, jioni hii tunavuka mpaka wa Mutukula kwenda kwa jirani zetu wa Uganda. Wako miongoni mwenu, au miongoni mwa baba zenu, wanaoijua njia hiyo kwa miguu. Ni njia iliyofuatwa na vikosi vyetu katika vita vya Kagera, vikaingia Masaka mwezi Februari 1979 na kufika Kampala tarehe 11 Aprili mwaka huo huo. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 katika msafara ule leo amevuka miaka 60. Na mama wa Kiganda aliyekuwa na miaka 34 siku hiyo, aliyesimama kando ya barabara akitazama askari wakipita, ametimiza miaka 80 mwaka 2025.

Mazungumzo yetu ni juu ya mama huyo na wazee wenzake. Tunataka kueleza jinsi jambo linaloonekana dogo, yaani kadi yenye picha na namba, lilivyofungamana na chakula chake, matibabu yake na shule ya wajukuu wake.

Uganda ni nchi ya vijana. Hesabu ya watu ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa ina watu zaidi ya milioni 45, na karibu nusu yao ni watoto wasiofikia umri wa miaka 18. Katika nchi ya namna hiyo ni rahisi wazee kusahauliwa, kwa sababu ni wachache na hawapigi kelele. Lakini wataalamu wa mambo ya jamii wamekuwa wakiwatazama kwa muda mrefu. Huko Kyamulibwa, katika iliyokuwa wilaya ya Masaka ambayo sehemu hiyo sasa ni wilaya ya Kalungu, watafiti wa Taasisi ya Virusi ya Uganda wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walianza mwaka 1989 kuwafuatilia wanakijiji nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka. Shabaha ya kwanza ilikuwa kujua mwenendo wa UKIMWI. Baadaye, kuanzia mwaka 2009, waliongeza uchunguzi maalumu juu ya watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, kule Kalungu na pia Wakiso.

Wazee hao waligawanywa katika mafungu: wenye virusi na wasio na virusi, waliofiwa na watoto wao kwa ugonjwa huo, na waliokuwa wakiwauguza. Tokeo moja linastahili kutajwa hapa. Wazee wenye virusi ambao walikuwa wakipata dawa hawakuonekana kuwa na hali mbaya ya mwili kuliko wenzao wasio na virusi. Ukilitafakari utaona si ajabu. Mzee aliye katika matibabu huonwa na mhudumu mara kwa mara, akapimwa, akaulizwa habari za kifua chake na usingizi wake. Jirani yake mwenye shinikizo la damu, asiye na kliniki yake maalumu, hakuna anayemwuliza.

Uchunguzi wa namna hiyo ulithibitisha pia lile ambalo kila aliyepita vijijini mwa Uganda tangu miaka ya 1990 ameliona kwa macho. Kizazi cha katikati kilipungua, na bibi akarudi kulea watoto wadogo. Serikali ya Uganda ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, baadhi ya walioandikishwa walipelekwa shuleni na bibi zao. Ada ilifutwa, lakini daftari, sare na chakula cha mchana havikufutwa. Mwenye kuvitafuta alikuwa ni ajuza mwenye jembe la mkono.

Kwa hiyo Serikali ya Uganda, ikisaidiwa na Uingereza na Ireland, ilianza mwaka 2011 kuwalipa wazee ruzuku ya kila mwezi kwa majaribio katika wilaya chache. Kiasi kilikuwa shilingi 25,000 za Uganda, ambazo kwa thamani ya sasa ni takriban dola 7 za Kimarekani. Umri uliowekwa ulikuwa miaka 65, na kwa Karamoja, ambako maisha ni magumu zaidi, miaka 60. Mtu wa mjini aweza kuzicheka fedha hizo. Kijijini zinanunua sabuni, chumvi, mafuta ya taa, na kalamu za wajukuu. Kisha Serikali ikaamua kueneza malipo nchi nzima, lakini kwa kuwa fedha hazikutosha, umri kwa waombaji wapya ukapandishwa hadi miaka 80.

Hapa ndipo kitambulisho kinapoingia.

Mwezi Aprili 2014 Uganda ilianza kuandikisha raia wake wote wenye umri wa miaka 16 na zaidi. Kazi hiyo ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na Waziri wakati huo alikuwa Jenerali Aronda Nyakairima, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kabla ya kupewa wizara hiyo mwaka 2013. Mpango wenyewe uliitwa mfumo wa taarifa za usalama wa taifa. Tunaomba wasikilizaji wetu walishike jina hilo, kwani linaeleza mengi. Mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuandikisha watu, na ikaundwa mamlaka ya kudumu ya vitambulisho, inayojulikana kwa kifupi kama NIRA. Wananchi wenyewe waliipa kadi hiyo jina la Kiganda, Ndaga Muntu, yaani nionyeshe mtu.

Ninyi askari mnaelewa vizuri kuliko raia wa kawaida kwa nini nchi iliyopitia mapinduzi na vita vya msituni itamani kujua nani ni nani. Daftari la usalama ni halali, na hatuna neno nalo. Lakini mlinzi wa lango anapotazama kadi, swali lake ni moja: nani hapa si wetu? Kazi yake ni kuzuia, na akizuia mtu kwa shaka atasamehewa. Mganga wa zahanati na mlipaji wa ruzuku wana swali jingine: nani wetu ambaye hatujamfikia? Uganda ilichukua daftari lililotengenezwa kwa swali la kwanza ikalipa kazi ya swali la pili. Kuanzia mwaka 2017 hata namba ya simu haikuweza kusajiliwa na raia pasipo namba ya kitambulisho. Na malipo ya wazee yalipoenezwa nchi nzima, umri uliotambuliwa ukawa ule ulioandikwa katika daftari hilo.

Sasa tuchukue mfano, si wa mtu fulani, bali wa hali iliyowapata wengi. Mama mmoja wa kijijini alizaliwa karibu na siku alipofariki Kabaka Daudi Chwa, mwezi Novemba 1939. Hana cheti cha kuzaliwa. Umri wake anaujua kama walivyoujua wazee wetu sote, kwa matukio: alikuwa binti mkubwa Waingereza walipompeleka Kabaka Mutesa uhamishoni mwaka 1953, na alikuwa ameolewa bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1962. Mwaka 2014 anafika mbele ya kijana mwenye kompyuta na foleni ya watu mia nyuma yake. Kijana anamwuliza tarehe, mama anataja Kabaka. Kijana anamtazama usoni, anakadiria, anaandika 1950.

Kwa hesabu ya kweli mama huyo alitimiza miaka 80 mwaka 2019. Kwa hesabu ya daftari atatimiza mwaka 2030. Tukihesabu tangu mwanzo wa mwaka 2022 hadi mwisho wa mwaka 2029 peke yake, ni miezi 96, na kila mwezi shilingi 25,000. Jumla ni shilingi 2,400,000, na pengine hatakuwapo kuzidai.

Kusahihisha kunawezekana kwa mujibu wa sheria. Lakini ofisi iko makao makuu ya wilaya, na nauli ni fedha. Ushahidi wa kuzaliwa unatakiwa, na kanisa lililombatiza huenda lilipoteza vitabu vyake vitani. Aliyepoteza kadi amekuwa akitozwa shilingi 50,000 ili apate nyingine, yaani ruzuku ya miezi miwili. Tena wako waliokuwa na kadi sahihi kabisa na bado wakakataliwa na mashine siku ya malipo, kwa sababu miaka 60 ya jembe ilikuwa imesugua ngozi ya vidole vyao hata alama hazisomeki. Tumelisikia jambo hili mara nyingi, na kila mara linatuuma: mikono iliyolilisha taifa ndiyo hiyo hiyo inayokosa kutambuliwa nalo.

Mwezi Juni 2021 kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York, pamoja na mashirika mawili ya Uganda, ISER na Unwanted Witness, vilitoa ripoti yenye jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Wamefukuzwa na Kuachwa Wafe. Ripoti hiyo ilikadiria kuwa hadi theluthi moja ya watu wazima wa Uganda hawakuwa na kadi. Ilieleza habari za wazee waliokosa ruzuku, na za wanawake waliorudishwa katika vituo vya afya kwa kukosa namba. Mwaka 2022 mashirika hayo yaliipeleka Serikali mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba kadi iendelee kuwapo, ila isiwe ndiyo njia pekee. Mwenyekiti wa kijiji, padre au shehe wa mtaa, anayemjua bibi tangu zamani, naye akubaliwe kuwa shahidi.

Kuna upande mwingine wa suala hili, nao ni mzito zaidi kuliko kosa la karani. Nani ni Mganda wa taifa la Uganda? Katiba ya mwaka 1995 inasema raia kwa kuzaliwa ni yule ambaye mzazi wake au babu au bibi yake ni wa mojawapo ya makabila yaliyokuwa yakikaa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Makabila hayo yameorodheshwa katika nyongeza ya Katiba. Yalikuwa 56, na marekebisho ya mwaka 2005 yakayafikisha 65. Tarehe yenyewe ni ya mkoloni. Ni siku alipohamisha jimbo zima la Rudolf kutoka Uganda kwenda Kenya kwa amri ya kalamu. Wako watu waliobaki nje ya orodha, kama vile Wamaragoli wa Kiryandongo, ambao wamelalamika miaka mingi kuwa wananyimwa vitambulisho ingawa wengi wao hawajui nchi nyingine. Mzee wa Kimaragoli mwenye miaka 80 akifika dirishani ana mzigo wa kuthibitisha mambo mawili, umri wake na utaifa wake.

Hatulisemi hili kwa kuwanyoshea kidole jirani zetu. Uganda imethubutu kufanya jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zimeliogopa, la kumlipa mzee ambaye hakuwahi kuajiriwa. Kenya inawalipa wenye miaka 70 na zaidi, na mwaka 2018 mpango huo ulifanywa kuwa wa wazee wote wa umri huo wasio na pensheni nyingine, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Zanzibar ilianza pensheni ya wazee wa miaka 70 mwezi Aprili 2016, kwa shilingi 20,000. Tanzania Bara ilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, iliyoahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi. Popote pale, mzee hufika dirishani akaulizwa athibitishe miaka yake. Askari mstaafu ana bahati katika jambo hili, kwa kuwa tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa siku alipoapishwa. Mama yake aliyemzaa huenda hana karatasi yoyote.

Tarehe 27 Mei 2025 Uganda ilianza kuandikisha upya raia wake na kubadilisha kadi za mwaka 2014 ambazo muda wake wa miaka 10 ulikuwa umekwisha. Safari hii waandikishaji walipelekwa hadi ngazi ya kata bila kutoza ada, na mashine zao huchukua pia picha ya mboni ya jicho, ili yule ambaye vidole vyake havisomeki atambulike kwa macho. Hilo ni jambo jema kwa wenye mikono ya jembe. Kuhusu mwaka wa kuzaliwa, mashine haina la kusema. Bado ni karani na mzee, na swali la Kabaka yupi alikuwa akitawala.