Kabla hujamtumia fundi pesa, kaone kwanza paa lake la zamani

Masika ilipoingia Malindi mwaka ule, nyumba ya mamangu ilikuwa na paa nusu. Fundi aling'oa mabati ya zamani, akapigilia mbao upande mmoja, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mimi nilikuwa Mombasa kikazi. Pesa zote nilishamtumia kwa M-Pesa, maana ni mtu wa mtaani kwetu na aliniambia, "Mdogo wangu, tuma zote leo ninunue vifaa, kesho bei itapanda." Mama akahamia chumba cha nyuma na ndoo tatu za kukinga maji.

Najua siko peke yangu. Vijana wengi wa Kilifi, Watamu, Mtwapa na Mambrui hutafuta riziki mbali, wengine mpaka Saudia na Qatar, na hela ya kwanza ya maana huenda kukarabati nyumba ya wazazi. Ukiwa mbali, unanunua kazi usiyoiona. Basi ni vizuri kujua mapema unamkabidhi nani.

Jambo la kwanza, usikubali picha tu. Fundi atakutumia kwa WhatsApp nyumba aliyoimaliza wiki jana, na rangi mpya huficha mengi. Huku kwetu mkaguzi wa kweli ni mvua na chumvi ya bahari. Mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoikarabati miaka miwili au mitatu nyuma. Kama huwezi kwenda, mtume ndugu unayemwamini. Apige hodi, amuulize mwenye nyumba: paa linavuja? Fundi alimaliza kwa wakati? Aliitiwa kasoro akarudi? Kama ni makuti, asimame ndani mchana aangalie juu. Akiona mwanga unapenya kila mahali, ajue makuti yamepangwa mbalimbali.

Pili, jifunze vifaa kidogo, hata kama hutashika nyundo. Mabati hupimwa kwa geji, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Ukilipia geji 28 kisha ukaletewa 32, umepigwa, na karibu na bahari bati jembamba halikawii kuliwa na kutu. Mchanga wa ufuoni nao una chumvi inayokula nondo ndani ya zege. Uliza mchanga unatoka wapi.

Tatu, uliza vyeti bila kuona haya. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Husajili wanakandarasi katika madaraja 8, kuanzia NCA 1 mpaka NCA 8, na huwapa vyeti mafundi na wasimamizi wa saiti pia. Fundi wa umeme anatakiwa awe na leseni ya EPRA. Ni kweli cheti hakizuii bati kuvuja, lakini mtu mwenye cheti ana jina la kulinda na pa kushtakiwa.

Nne, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni kazi gani itafanywa, vifaa gani, bei ya vifaa mbali na ya leba, siku ya kuanza na ya kumaliza. Kila mtu atie sahihi na aandike nambari ya kitambulisho, mbele ya shahidi. Hata karatasi ya daftari la shule inatosha. Na kama kazi inagusa kuta au kuongeza vyumba, pitia kwanza ofisi ya kaunti kuuliza kuhusu kibali.

Tano, lipa kwa hatua. Pesa ya vifaa ilipe hadwea moja kwa moja, utumiwe risiti na mtu wa nyumbani ahesabu mzigo ukifika. Leba ilipe kazi ikionekana: mbao zikikamilika, sehemu, mabati yakikaa, sehemu. Bakisha kiasi mpaka paa limwagiwe maji kwa mpira, au mvua ya kwanza inyeshe na ndoo zibaki kavu.

Na ukishaumia? Usiishie kulalamika kwenye grupu la familia. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Jumbe za M-Pesa, za WhatsApp na ile karatasi yenu ndizo zitakazokusemea. Mimi sikuwa na karatasi, nilikuwa na "mdogo wangu" tu.

Paa la mama lilikuja kumalizwa na mzee mmoja. Nilipotaka kumtumia advansi, alikataa. "Mwanangu, njoo kwanza tuhesabu mbao pamoja, kisha tuandikiane." Nilipanda matatu Jumamosi, tukahesabu, tukaandika. Alichukua pesa yake ya mwisho siku mvua ilipopiga usiku kucha na mama akapiga simu asubuhi kuniambia amelala chumbani kwake.