Je, Wajua? Miti Iliyolelewa kwa Shida

Je, wajua kwamba mti wa hemloki katika misitu ya mashariki mwa Marekani unaweza kufikisha miaka 100 na shina lake bado halijatimiza unene wa sentimita 3? Umeota chini ya wazee wake, unaambulia mwanga wa masazo, unajinyima. Mzee mmoja akianguka, jua linaingia na kikongwe kile kinaanza kurefuka. Ukija kukatwa, gogo linasema yote: karibu na kiini pete za ukuaji zimebanana hata huwezi kuzihesabu bila kioo cha kukuzia, kisha ghafla zinaachana. Hapo ndipo jirani alipoanguka.

Je, wajua kwamba mti unaonenepa mapema aghalabu hufa mapema? Mwaka 2009 Christof Bigler na Thomas Veblen walichapisha matokeo ya kupima miti 161 iliyokwisha kufa, misprusi na mifiri, kutoka milima ya Rocky huko Colorado na Alpi za Uswisi. Iliyokua haraka katika miaka 50 ya kwanza ndiyo iliyoishi muda mfupi zaidi. Mbao za mti wa namna hiyo huwa nyepesi, na kinga yake haba. Sisi tunaokimbilia mche mrefu kuliko yote kitaluni tuna la kujiuliza.

Je, wajua kwamba msonobari wa majani marefu, kusini-mashariki mwa Marekani, huanza maisha bila shina la kuonekana? Kwa miaka kadhaa, pengine zaidi ya kumi, utadhani ni shada la nyasi. Kumbe chini unachimba mzizi. Moto ukipita, sindano huungua, kichipukizi kikabaki salama katikati.

Je, wajua kwamba mbegu ya msprusi wa Norwei hukumbuka hali ya hewa? Zilizokomaa wakati wa joto hutoa miche inayochelewa kusitisha ukuaji baridi inapokaribia, kuliko ndugu zao wa baba na mama mmoja waliokomaa kwenye baridi.

Je, wajua kwamba mtarakwa, wa milima ya Kenya na Usambara hadi Ethiopia na Yemeni, hauchipui vizuri kivulini mwa mama yake? Unataka jua, na misitu yake mingi ilianza baada ya moto. Podo ni kinyume: mche wake huvumilia kivuli, ndiyo maana huukuta ukijipenyeza chini ya mitarakwa mizee.

Je, wajua kwamba misonobari mikongwe kuliko yote, katika milima ya White huko California, imeota kwenye udongo mkavu, wa mawe, usio na rutuba? Iliyopata mahali pazuri hufa mapema. Mmoja wao, Methuselah, umepita miaka 4,800. Mahali ulipo hasa wasimamizi wa msitu hawapatangazi. Wanawajua watalii na visu vyao.