Damu kwa Mama Mjamzito: Tusingoje Hadi Kuche

Leo tunazungumza habari ambayo wengi wetu huisema kwa kunong'ona. Ni habari ya mama mjamzito kutokwa na damu ukeni. Akina mama huona haya kuitaja. Akina baba nao husema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Matokeo yake nini? Mama hulala na damu yake mpaka asubuhi. Na asubuhi, mara nyingine, tunakuwa tumechelewa.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-2016 ulionyesha kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walifariki kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha akina mama 104. Hesabu imeshuka sana. Lakini kila mmoja katika hao 104 ana nyumba iliyobaki na msiba. Kutokwa damu nyingi ni moja ya sababu kubwa za vifo hivyo.

Dalili za mimba changa

Kwanza tuzijue dalili za mimba. Mama asiyejua kuwa ana mimba akiona damu atadhani ni hedhi tu. Dalili ni hizi:

1. Hedhi haikuja kwa wakati wake.
2. Kichefuchefu, na pengine kutapika, hasa asubuhi.
3. Matiti hujaa na kuuma.
4. Kwenda haja ndogo mara kwa mara.
5. Uchovu na usingizi mwingi.
6. Kuchukia baadhi ya vyakula, au kutamani vingine, hata udongo.

Dalili moja peke yake haitoshi. Hata malaria huleta kutapika na uchovu. Njia ya hakika ni kwenda zahanati kupimwa mkojo.

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotufaa. Mama aandike siku ya kwanza ya kila hedhi, kwenye daftari au kwenye kalenda ukutani. Ukijua tarehe hiyo unaweza kukadiria siku ya kujifungua: ongeza siku 7, halafu hesabu miezi 9 mbele. Kama hedhi ya mwisho ilianza tarehe 5 Machi, ongeza siku 7, unapata tarehe 12. Hesabu miezi 9, unafika Desemba. Basi mtoto anatazamiwa karibu na tarehe 12 Desemba. Na damu ikitoka, mkunga atajua mimba ina wiki ngapi, maana sababu za damu hutofautiana kwa umri wa mimba.

Damu katika miezi ya mwanzo

Kati ya wajawazito 4, karibu 1 huona damu katika miezi mitatu ya kwanza. Zaidi ya nusu yao mimba huendelea vizuri. Kwa hiyo damu siyo lazima iwe mwisho wa mimba. Lakini nani anaweza kujua nyumbani ipi ni ya hatari na ipi siyo? Hakuna. Ndiyo maana kila damu ipelekwe kwa mtaalamu.

Damu kidogo ya kujipandikiza. Mimba inapojishika kwenye ukuta wa mji wa mimba, matone machache yanaweza kutoka kwa siku moja au mbili. Hutokea karibu na siku ambazo hedhi ilitazamiwa. Wengi huidhania hedhi, kumbe mimba imeshaingia.

Mlango wa mji wa mimba kuwa na kidonda au ugonjwa. Wakati wa mimba mlango huo hulainika na kujaa damu. Unaweza kutoa damu kidogo baada ya tendo la ndoa. Magonjwa ya zinaa nayo huleta damu. Hapo mume na mke watibiwe wote wawili.

Mimba kutishia kutoka, au kutoka. Damu huja na maumivu ya tumbo chini ya kitovu au ya kiuno. Mara nyingi sababu ni kwamba mimba yenyewe haikuumbika sawasawa tangu mwanzo. Siyo kwa kuwa mama alibeba ndoo ya maji. Siyo kwa kuwa amerogwa, wala kwa kuwa alitembea nje ya ndoa. Tuache kumlaumu mgonjwa. Mimba ikitoka, mabaki yanaweza kubaki ndani na kuoza. Mama akipata homa, au akitoa uchafu wenye harufu mbaya, hiyo ni hatari kubwa. Hata kama alikunywa dawa ili mimba itoke, aende hospitali na aseme kweli. Mganga anahitaji ukweli ili amtibu.

Mimba kutunga nje ya mji wa mimba. Mara nyingi hutunga ndani ya mrija wa uzazi. Mrija ni mwembamba, hauwezi kulea mtoto. Mimba ikikua, mrija hupasuka. Damu nyingi humwagikia ndani ya tumbo, na nje yaonekana kidogo tu. Hapa ndipo watu hudanganyika! Dalili zake ni maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, kuzimia, na pengine maumivu begani. Mama huyu anahitaji upasuaji siku hiyohiyo.

Mimba zabibu. Badala ya mtoto, hukua vifuko vingi kama zabibu. Tumbo linaweza kukua upesi kuliko miezi yake, na mama hutapika sana. Husafishwa hospitali, na baadaye mama lazima arudi kupimwa, kwani masalia yanaweza kugeuka saratani.

Damu katika miezi ya mwisho

Kuanzia mwezi wa saba, damu ni jambo la kukimbilia hospitali. Sababu kubwa ni mbili, na zote zinahusu kondo la nyuma. Kondo ndilo linalompa mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama.

Ya kwanza ni kondo kutangulia. Kwa kawaida kondo hujishika juu. Likijishika chini, huziba mlango ambao mtoto atapitia. Mlango ukianza kufunguka, kondo hutoa damu. Damu huwa nyekundu, na mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Mama husema, "Siumwi, acha nimalize kupalilia." Hapana! Damu ya mara ya kwanza inaweza kukatika yenyewe, kisha ikarudi kwa nguvu. Mkunga wa jadi, au mtu yeyote nyumbani, asiingize kidole kupima njia. Kidole kinaweza kuchana kondo, na damu isizuilike.

Ya pili ni kondo kuachia mapema. Kondo hubanduka kabla mtoto hajazaliwa. Tumbo huuma sana na huwa gumu kama ubao. Mtoto anaweza kuacha kucheza. Damu nyingine hubaki ndani, kwa hiyo tusiipime hatari kwa damu ya nje tu. Shinikizo la damu, au kupigwa na kuanguka, huweza kuleta jambo hili. Mume anayempiga mkewe mjamzito ajue anacheza na roho mbili.

Vilevile mji wa mimba unaweza kupasuka wakati wa uchungu, hasa kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Dawa za miti za kuharakisha uchungu huongeza hatari hiyo. Tusiwape wazazi dawa hizo.

Siku za mwisho mama huweza kutoa ute mzito wenye damu kidogo. Huo ni mwanzo wa uchungu. Lakini damu ikitiririka kama hedhi, huo siyo ute.

Tufanye nini?

Mama alale kwa ubavu wa kushoto, afunikwe blanketi. Asiingize kitu ukeni. Tuhesabu vitambaa: kama kitambaa kimoja kinalowa chote kwa saa moja au chini yake, damu ni nyingi mno. Jasho la baridi, moyo kwenda mbio na kizunguzungu maana yake mwili umeishiwa damu.

Tupige simu 115, bila malipo. Ni namba ya mpango wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Mpango huo ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Tuchukue kadi ya kliniki, na ndugu wawili watatu wenye afya waandamane na mgonjwa ili watoe damu ikihitajika.

Sisi wa Ilomba tuko ndani ya Jiji la Mbeya, na hospitali ya wazazi ya Meta iko jijini humuhumu. Hatuna kisingizio. Wenzetu wa Makete, Kilolo na milima ya Uporoto wana safari ndefu zaidi, na mvua za Novemba hadi Aprili huzifanya njia kuwa utelezi. Wao waamue mapema: usafiri wa nani, fedha ziko wapi, nani atabaki na watoto. Aliyeambiwa kliniki kwamba kondo limekaa chini asogee karibu na hospitali kabla ya siku zake.

Mama aanze kliniki kabla mimba haijafika wiki 12, na baba aende naye. Damu ya mjamzito haimsubiri mume arudi kutoka safari. Aliye karibu ndiye aamue, na aamue kwenda.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini damu isiyo na maumivu ni hatari katika miezi ya mwisho?
2. Hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Januari. Mtoto anatazamiwa lini?
3. Katika kijiji chetu, nani ana chombo cha kumsafirisha mgonjwa usiku? Tumeshaongea naye?