Sala na Unasihi Havishindani

Mjini Manyoni, ambako njia ya reli ya Singida huachana na Reli ya Kati, aliyepatwa na ajali, ubakaji au msiba wa ghafla huenda akamwendea shehe au mchungaji kabla ya mhudumu wa afya. Hakosei. Hatari huanza anapotakiwa kuchagua mmoja.

Jinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa mahali pa tukio na kuliona upya ni dalili za kiwewe, si upungufu wa imani. Zikidumu zaidi ya mwezi na kuvuruga masomo au kazi, unasihi wa kitaalamu unahitajika.

Mnasihi makini humwuliza mteja kinachompa nguvu. Akitaja dua au sala, huijengea hapo faraja yake. Hahubiri, wala hamshurutishi kijana aliyebakwa kusamehe. Kwa kijana huyo, maombi yasicheleweshe hospitali: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72.

Uchache wa wataalamu usikatishe tamaa. Utafiti wa Moshi na Bungoma, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi. Wanasihi wasio wataalamu, waliofunzwa na kusimamiwa, walipunguza dalili kuliko huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne.

Basi kiongozi wa dini azijue dalili, amsindikize mwumini kituoni. Naye mhudumu asimtenge na ibada yake. Anayewaza kujiua asiachwe peke yake: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.