Kaseti za kabatini

Philips ilipoleta kaseti mwaka 1963, watu wa kawaida walipata njia ya kujihifadhia sauti bila kungoja redio iwatembelee. Kwenye Pwani yetu ziliingia humo maulidi, ngoma za harusi, mawaidha, hata salamu kwa jamaa walioko Oman. Sasa zinaharibika. Joto na unyevu wa Unguja au Lamu hudhoofisha gundi inayoshikilia chembe za sumaku kwenye mkanda, na kuvu hufuata.

Kaseti yenye unga mweupe kwenye mkanda usiitie kwenye deki hata kwa dakika moja, maana kuvu huhamia kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na kuambukiza kaseti zote zijazo. Iliyo salama, ivunje vijimeno viwili vya ukingoni ili mtu asirekodi juu yake. Kisha tafuta skrubu ndogo kando ya hedi. Izungushe taratibu huku kaseti inacheza. Matari na herufi za “s” zikianza kusikika wazi, acha hapo. Mafundi wengi huiruka hatua hii, halafu sauti hutoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi, na hakuna programu itakayoirudisha sawasawa.

Rekodi kwa WAV, kilohezi 96 na biti 24. Saa moja ya stirio hula gigabaiti 2 hivi. MP3 ni ya kumtumia shangazi kwenye simu. Weka nakala tatu, moja ikae mji mwingine, na kaseti zenyewe zibaki kwa wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu: picha zilipigwa kwa mpango wa British Library, miswada haikuhama.

Baada ya hapo mkalishe bibi asikilize nakala, si kaseti, kwa sababu atataka irudishwe nyuma mara kadha wa kadha. Andika anayeimba ni nani, harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani, kwenye faili lenye jina lilelile la sauti. Binafsi, afadhali kaseti kumi zenye maelezo kuliko mia zisizo na mwenyewe.

Muulize pia kipi kisitoke nje. Nyimbo za unyago ni za wanawake peke yao. Kuzihifadhi si ruhusa ya kuzipandisha YouTube. Ziandikiwe kwamba zimefungwa, na litajwe jina la mwanamke mwenye idhini ya kuzifungua.